Karatasi Isiyoingia Kikapuni

Munje, Msambweni
9 Februari 1998

Dada Winrose, shikamoo.

Kabla sijakwambia lolote, Muli sasa hivi amechukua kiatu cha baba yake, amekitia unga, akamweka mtoto wa paka juu yake, akasema, "Mama, gari limejaa." Nimecheka mpaka nimesahau kumkanya. Miaka miwili na nusu, dada, na maneno kama hayo! Kichwa ni kile kile cha marehemu baba, kilichotokeza nyuma.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua hii ya Elinino imekata barabara mara tatu na mihogo imeoza ardhini. Muange wangu hajarudishwa kazini kule hotelini Galu. Wageni hawaji tangu zile vurugu za mwaka jana, basi bustani zinajiotea zenyewe na yeye analima hapa shambani. Hasemi kitu, lakini ananoa panga hata siku ambayo halikufanya kazi. Mama anakusalimu. Ile picha yako na Mwalimu Munyoki mbele ya nyumba yenu ya mabati ameitundika karibu na mlango, na kila aingiaye huulizwa, "Umemwona Winrose wangu?" Picha yangu na Muli iko sandukuni. Anasema isipigwe na vumbi.

Sasa lile jambo lako. Karatasi ilifika na nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka. Miaka minane ya kungoja mtoto ni mingi, dada. Desturi yetu bado ni ile ile unayoijua. Jumapili ya kwanza ya mwezi kina mama wa kanisani wanatia karatasi zao za maombi kikapuni, kisha kila mmoja anachomoa moja isiyo yake, anakwenda nayo nyumbani kuiombea siku arobaini. Siku hizi mtunza kikapu ni mimi. Wasiojua kuandika nawaandikia, na wasiojua kusoma nawanong'oneza walichochomoa. Niliachia shule darasa la sita na bado kuna watu wanaingoja kalamu yangu, si haba.

Basi usiwe na wasiwasi. Imeingia.

Mdogo wako,
Ngina (Mama Muli)


Kibwezi
15 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Ngina,

Bwana asifiwe. Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Huku ni wazima. Munyoki amepewa darasa la nane, madaftari yamejaa mpaka meza ya kulia. Mwandiko wako umekuwa mzuri, ni huzuni kwamba hukuendelea na shule. Msalimie mtoto.

Mama mkwe alikuja tena. Safari hii alikuja na msichana wa jirani yake, eti anisaidie kazi. Msichana ana miaka kumi na tisa. Kazi zenyewe sizioni. Sisemi zaidi.

Nina ombi. Siku arobaini zimekwisha juzi. Najua si desturi kuuliza, lakini ni nani aliyechomoa karatasi yangu? Nitajie jina lake nami nimwombee. Mtu aliyenitaja mbele za Mungu siku arobaini, huyo ni ndugu.

Wako,
Winrose


Munje
19 Aprili 1998

Dada Winrose, shikamoo.

Muli hajambo. Jina lake ni Muli, si "mtoto". Sasa hivi amemwamkia jogoo shikamoo, jogoo hakuitikia, akaja kumshtaki kwangu.

Mama ni mzima. Amekausha papa, kipande kinene, akakifunga kwa jani la mgomba akasema hiki ni cha Winrose, akipatikana mtu wa kwenda bara. Nikauliza, "Na changu, mama?" Akaniambia, "Wewe uko hapa hapa pwani, samaki utawakosa?" Kumbe anayewekewa kinofu ni aliye mbali. Aliye karibu huitwa kuja kupaa magamba.

Pole kwa mambo ya mama mkwe. Huyo msichana mpe mtwangio atwange mpaka achoke mwenyewe.

Jina ulilouliza, ni Mama Jemima, yule mjane wa ng'ambo ya kijito. Nilimnong'oneza mimi mwenyewe na akafumba macho. Lakini usimwandikie, dada, tafadhali. Ni mtu wa haya, na kusoma hajui.

Ngina


Kibwezi
10 Juni 1998

Ngina, kaa chini kwanza.

Hatujambo, wote wazima, mvua imetuacha salama. Umekaa?

Nina mimba. Daktari amesema miezi mitatu. Nilimwomba apime mara ya pili, akapima. Nimehesabu kwa vidole nikakuta ni pale pale siku arobaini zilipokwisha. Munyoki alitoka nje akakata kuni ambazo hatuzihitaji. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemrudisha yule msichana kwao, na njia nzima, nasikia, alikuwa akiimba.

Ulinikataza nisimwandikie Mama Jemima. Nisamehe, nimeshindwa. Nimemwandikia, na nimemnunulia leso. Menza, dereva wa lori la mchanga, amekubali kuacha mzigo Kona ya Musa akishuka pwani. Na shule zikifungwa Agosti tunakuja. Nataka nisimame mbele ya kina mama nitoe ushuhuda, na nimshike Mama Jemima mkono watu wote wakiona.

Baada ya Mungu ni yeye, na baada yake ni wewe uliyeitia karatasi.

Dada yako mwenye furaha,
Winrose


Munje
28 Juni 1998

Dada Winrose, shikamoo.

Muli sasa hivi amekula nusu ya ndizi. Nakuandikia kwa sababu ni chakula cha kwanza tangu Jumatatu. Alishikwa na degedege, dada. Macho yaligeuka meupe mikononi mwangu. Muange alimbeba akakimbia naye mpaka barabarani, mimi nyuma na leso moja. Tulikaa hospitali siku nne. Sasa homa imeshuka, lakini miguu ni kama ya kuku.

Hongera. Nimefurahi. Naandika tena, nimefurahi.

Nataka kukuuliza wewe uliyesoma, na mumeo ni mzee wa kanisa. Je, mama akitenda dhambi ambayo hakuna anayeijua, Mungu anaweza kumpiga mtoto wake? Usiulize ni mama gani. Nijibu tu.

Na Agosti msije. Barabara bado mbaya, na wewe si wa kutikiswa.

Ngina


Kibwezi
12 Julai 1998

Mdogo wangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama. Mpe Muli pole ya mama mkubwa wake, mbusu kwenye kile kichwa cha baba.

Soma Yohana sura ya tisa. Wanafunzi walimwona kipofu wakamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akawaambia si huyu wala wazazi wake. Ngina, Mungu wetu hampigi mtoto ili mama asikie uchungu. Huyo mama unayemsema kama ana dhambi, aipeleke kwa Mungu kama dhambi, asiichanganye na homa ya mtoto.

Mimi niliambiwa miaka minane kwamba tumbo langu linalipia jambo fulani. Nikajichambua kama mchele. Mawe niliyakuta, ndiyo, sikosi dhambi. Lakini sikukuta jiwe lililokuwa na mimba yangu. Siku niliyokuandikia ile karatasi nilikuwa nimekwisha kusema, "Bwana, ukinipa, atakuwa wako. Usiponipa, mimi bado ni wako." Nililia, lakini nilisema.

Tunakuja tarehe kumi na tano Agosti. Mimba haijavunjwa na barabara ya huku, ya huko itaiweza nini?

Winrose


Munje
26 Julai 1998

Dada Winrose,

Leo salamu nitaziweka mwisho, kama utafika mwisho.

Alhamisi Mama Jemima alikuja kwangu na mzigo kichwani. Ile haya niliyokwambia anayo, nilimsingizia. Alianza kupiga kelele tangu kwenye migomba. "Mama Muli, hodi! Kumbe nina rafiki Kibwezi siku hizi! Hebu nisomee hii barua, isije ikawa ni mwanamume."

Nikaisoma. Ningeweza kusoma maneno mengine, asingejua, na nakiri nilifikiri hivyo. Lakini Muli alikuwa amemlalia mapajani, bado ana miguu ile ya kuku, nikaona siwezi kusema uongo mwingine juu ya kichwa chake. Nikasoma yote kama ulivyoandika.

Akaitandaza leso. "Na hii inasemaje?"

"Inasema, Mlichoniombea nimekipata."

"Nilimwombea nani mimi? Februari nilichomoa karatasi ya Rai, ya mbuzi wake anayetupa mimba. Wewe ndiye uliyeninong'oneza! Siku arobaini nimepiga magoti kwa ajili ya mbuzi, magoti yenyewe haya unayaona. Au mwenye mimba kule Kibwezi ni mbuzi?"

Akacheka mpaka Muli naye akacheka. Kisha akanitazama, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Karatasi ya dada yako iko wapi, mwanangu?"

Nikapanda kitandani nikaichomoa kwenye makuti. Imekaa pale tangu Januari, dada. Haikuingia kikapuni hata siku moja. Mvua ilivuja mara mbili, na mara mbili niliiteremsha nikaianika jikoni nikairudisha. Kuianika niliweza, kuitia kikapuni nikashindwa. Mama Jemima aliishika kama mtu aliyepewa kifaranga kilichokufa.

"Kwa nini?"

Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Wewe ulimaliza shule. Wewe una mume mwenye kazi na nyumba ya mabati. Wewe ndiye picha ya mlangoni na kinofu cha papa. Mimi nina kitu kimoja ambacho wewe huna, na mama akitaka kukishika lazima aje kwangu. Nikasema moyoni, akipata na yeye, mimi nitabaki na nini? Na uliponiandikia una mimba, jambo la kwanza sikufurahi. Hata hofu ilikuja baadaye. La kwanza nilihisi nimeibiwa.

Mama Jemima akaikunja leso taratibu. "Basi Mungu amempa bila kukuomba ruhusa. Wewe ulidhani kikapu kina mlango, na ufunguo unao wewe."

Nikamwuliza kuhusu Muli, kama ni malipo yangu. Akasema, "Degedege ni mbu. Wivu ni wivu. Mtoto mtafutie chandarua, na wivu utubu. Chandarua hakitibu wivu, wala kutubu hakufukuzi mbu." Kisha akasema nikuandikie kabla hujaja, usije ukasimama mbele ya watu ukashukuru mtu ambaye alikuwa akiombea mbuzi.

Mungu nimeshamwambia. Kumwambia yeye ni rahisi, hakai Kibwezi. Kukwambia wewe nimeharibu karatasi tatu. Sina la kujitetea. Sikukusahau wala sikuipoteza. Niliificha, nikijua, miezi sita, na kila barua nikakudanganya.

Karatasi yako ni hii, ndani ya bahasha. Wino umechuruzika lakini jina lako linasomeka.

Salamu ni hizi: Muli ametembea leo mpaka mlangoni. Muange hajambo, na mama hajambo. Hakuna anayejua ila Mama Jemima.

Ngina


Kibwezi
18 Oktoba 1998

Ngina,

Munyoki anawasalimu.

Hatukuja Agosti, umeona. Mama nilimwambia ni miguu imevimba. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia motoni. Karatasi sikuitia.

Nilitaka nikuandikie matusi, na nilikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kikamba. Kila nilipoanza nilikumbuka siku nilipokuja kumwona Muli mchanga. Ulinipa nimshike, nikakwambia nina mafua, nisije nikamwambukiza. Sikuwa na mafua, Ngina. Na barua zako zote zilianza na Muli, amefanya hivi, amesema vile. Mistari ile nilikuwa naifunika kwa kiganja nasoma chini yake. Kwa hiyo hukuwa peke yako. Sisemi haya kukupunguzia. Nasema kwa sababu ni kweli.

Tangu Septemba natokwa na damu kidogo kidogo. Daktari ameniamuru kulala, nisiinuke mpaka Desemba. Hana hakika. Usianze kusema ni kwa sababu yako. Usijipe ukubwa huo.

Sijakusamehe sawasawa. Asubuhi nasema nimesamehe, jioni nakuta jambo bado liko pale pale. Nimemwambia Mungu alishike yeye upande mmoja, peke yangu ni zito.

Karatasi hii nairudisha. Chini nimeongeza mstari kwa penseli. Safari hii itie.

Winrose


Munje
15 Novemba 1998

Dada Winrose, shikamoo.

Ile mikwaruzo juu ya karatasi hii ni ya Muli. Sasa hivi nimegeuka kuepua chungu tu, amenyakua kalamu, na nilipopiga kelele akasema, "Naandika kwa mama mkubwa." Nikamwuliza, umeandika nini? Akasema, "Nimeandika, mama mkubwa aje." Ukitaka kuufunika mstari huu kwa kiganja, funika, sitakasirika. Lakini wa mikwaruzo ni wake, usiufunike.

Hatujambo. Muange ameitwa hotelini siku tatu kwa wiki, amefurahi mpaka ameazima pasi. Mama analala vibaya kwa ajili yako. Picha yako ameihamisha kutoka mlangoni ameiweka karibu na kitanda.

Karatasi imeingia. Sasa nasema kweli, na mashahidi ninao ishirini na wawili. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nilisimama kabla kikapu hakijapita. Nikasema nilichokifanya. Nilitaka kusema kwa ufupi, sikuweza, ikawa ndefu na kamasi juu. Kisha Rai akasema, "Kumbe ndiyo maana mbuzi wangu alizaa pacha, alikula maombi ya watu." Wengine wakacheka, lakini Rai mwenyewe hakucheka. Akaniuliza, "Na zangu nyingine ziko kwenye makuti gani?" Nikamjibu hakuna nyingine. Akasema, "Tutajuaje?" Na kweli, dada, watajuaje?

Kikapu wamenivua, anacho Kanze. Yeye ndiye anayewanong'oneza watu sasa. Nilidhani nitakufa kwa aibu siku ile, na Jumatatu nikaamka nikapika uji. Naona wivu hata kwa hicho kikapu, nikimwona Kanze amekibeba naugua. Lakini siku hizi wivu ukija nautaja kwa jina lake mbele za Mungu. Namwambia, huyu hapa amekuja tena, Bwana, mshike. Sijapona. Nina matumaini ya kupona.

Karatasi yako niliisoma kwa sauti kabla ya kuitia, na mstari wako wa penseli, "Na jibu likiwa hapana, nisaidie kusema amina." Hapo kina mama walilia. Kisha wakachomoa, na unajua ni nani aliyechomoa yako? Rai. Alikuja kwangu akaniambia usoni, "Mimi nitamwombea dada yako, na wewe sikuombei mpaka nipoe." Lakini anaomba kwa sauti kubwa, alfajiri, mpaka Mwanafatuma, mke wa Othman mwenye duka, anamwitikia "Amin!" upande wa pili wa ua, na yule ni Mwislamu. Mama Jemima naye hakuivaa leso yako tangu ile Alhamisi, anasema haikuwa haki yake. Sasa anaivaa. Anasema anaifanyia kazi.

Mimi nami nakuombea, bila karatasi. Naanza na jina lako, halafu la mtoto ambaye hana jina bado. Mwanzoni yalikuwa yananikwama kooni kama mwiba wa samaki. Sasa yanapita. Jana niligundua nimemaliza kukuombea na sikujitaja kabisa, nikashangaa kama mtu aliyemwona

Ngoja, kuna mtu anaita kutoka barabarani. Ni Mwanafatuma, ameshika buibui mkononi anakimbia. "Mama Muli! Simu! Dukani! Ya Kibwezi! Ni mwanamume, anasema hakati mpaka uje!"

Dada, ni Mwalimu. Na Desemba bado. Sijui ni habari gani. Acha niandike kabla sijajua, ili siku utakaposoma ujue niliandika nikiwa sijui. Akiwa mzima, ni wako, nami nitakuja nimshike kwa mikono miwili, sitakuwa na mafua. Asipokuwa mzima nitakuja vile vile, nikae nawe chini, wala sitaleta Muli mlangoni mpaka wewe mwenyewe umwite. Na Mungu ni Mungu kwa yote mawili, nimekubali, nimesema amina na yako na yangu, na kama moyo wangu utakuja kukana maneno haya baada ya simu, dada, uyashike wewe uni

Anaita tena. Nakuja! Mwanafatuma, nakuja, mwambie asikate! Dada, mimi